Iache Ishibe

Mnara niliununua soko la Kenya,
kwa Mama Ngosa auzaye vyungu na redio zisizosema.
Elfu kumi na tano, alisema, pamoja na kioo.
Kioo kilikuwa na ufa. Tukapatana kumi,
akaongeza fungu la lengalenga
kwa sababu mtu hali mawe.

Ni picha ya Uingereza, ya zamani sana,
karatasi imeshika rangi ya chai ya jana.
Mnara wa ngome, umevunjika begani,
mmea unaotambaa umeukamata kiunoni,
kunguru saba, au ni vumbi la wino tu,
na chini kabisa, mdogo kama punje ya mtama,
mtu na fimbo yake. Hana uso.
Jina la mahali liliandikwa kwa penseli,
herufi zimelala kama nyasi baada ya mvua.

Nilitaka kufichia doa la unyevu sebuleni.
Basi.

Lakini Jumapili baba alikuja kutoka Katuba,
baba Kaumba, miaka thelathini na mmoja kwenye mabirika ya asidi,
miezi thelathini na sita ya mshahara ambayo bado anaihesabu
kila anaponawa mikono kabla ya bukari.
Mnara hakuutazama.
Alipitisha kidole gumba pembezoni mwa karatasi,
akakuta bonde jembamba, mraba uliodidimia,
akatulia pale kama kipofu
aliyepapasa ukuta akaupata mlango wa kwao.

"Hapa ililala shaba."

Baba, ni karatasi.

"Karatasi ni shuka. Mimi nakuambia aliyelala."

Akaomba miwani. Akaomba taa ya simu yangu.
Akanisomea mnara kama ripoti ya zamu ya usiku:
bamba linapakwa nta, sindano inakwaruza nta,
halafu bamba linashushwa ndani ya asidi,
na asidi, mwanangu, haili nta,
inakula pale tu palipoachwa wazi.
"Ukitaka mstari mwembamba, toa upesi.
Ukitaka giza, iache ishibe."
Akagonga kidirisha cha mnara, cheusi ti.
"Hapa walikwenda kunywa chai wakarudi."

Nani alikufundisha kazi ya wachoraji?

Akakunja mkono wa shati.
Mistari ile naijua tangu utoto,
myembamba karibu na kiwiko, minene kwenye kifundo.
Nilikuwa naihesabu nikiugua malaria
na sikuwahi kufikiri kwamba ilichorwa.

Kisha akasema picha imegeuka:
kilicho kulia hapa, kwenye shaba kilikuwa kushoto.
Tukaipeleka mbele ya kioo cha kabati.
Mnara ukahama. Yule mtu mdogo
akavuka upande wa pili bila kuinua mguu.
Na nyuma ya mabega yetu kioo kikachukua dirisha,
na dirishani bomba la kiwanda, refu, leo halina moshi,
na kilima cheusi cha mavi ya shaba.
Minara miwili, kwa muda wa kukohoa mara moja,
ikasimama pamoja chumbani mwangu:
mmoja wa mabwana nisiojua walimwogopa nani,
mmoja wa mabwana ambao baba anawajua kwa majina
na majina yao hayataji mezani.

Na lile bamba, nikauliza, liko wapi sasa?

Baba alicheka, mara ya kwanza tangu Pasaka.
"Shaba haitupwi. Liliyeyushwa zamani.
Labda ni sufuria. Labda waya wa umeme.
Labda limo humo humo ndani ya simu unayonimulikia."

Doa la unyevu bado lipo, limeota hata masikio.
Picha aliondoka nayo, imefungwa kwa gazeti,
akitembea upande wa kivuli
kama mtu aliyembeba mgonjwa.

Jana usiku akanipigia.
"Yule wa chini, ulisema ana fimbo.
Nimeazima lenzi kwa fundi saa.
Ni koleo."